Kope za Pinki kwa Mama Owor

Wenzangu, leo nimeaibika. Tena si mtaani, ni kwa watu ninaotaka wanioe!

Leo mchumba wangu Owor amenipeleka kwao Rubongi, kule Uganda mbele ya Tororo, kwa mara ya kwanza, nikamwone mama yake. Mama ni mtu wa kanisa, nimeambiwa hata hereni kwake ni jambo la kuombewa. Mwenye akili angenawa uso akaenda. Mimi jana nilivuka upande wa Uganda hapa Busia, nikanunua rangi ya kope. Ile ya unga mtupu, pinki inayong'aa kama bati jipya. Muuzaji alinionya, "Weka kidogo, na kwanza upake gundi yake." Gundi sikununua. (Nilijiambia mafuta ya kujipaka si yanashika tu?)

Yalishika mpaka Tororo. Hapo tukapanda boda, jua kali, upepo usoni, mafuta yakayeyuka. Unga wote ukahamia ndani ya macho. Nikasugua. Loo! Nikasugua tena. Nikafuta kope kwa leso nikaona rangi imetoka, lakini macho yalikuwa mekundu na machozi hayakatiki.

Tukafika, nikapiga magoti kusalimu. Mama akarudisha mkono nyuma.

"Mtoto yangu, macho yako iko mgonjwa?"

Ningesema, "Ni rangi, mama." Maneno matatu tu, na yalinishinda. Nikasema, "Ndiyo mama, yalianza jana."

"Pole sana! Hiyo ugonjwa inashika watu huku. Athieno! Kuja hapa!"

Athieno ni dada yake Owor, ananyonyesha. Nilidhani anaitwa kunisalimia. Kumbe maziwa yake ndiyo dawa! Nikalazwa mkekani, kichwa mapajani mwa mama mkwe, majirani wakasogea kutazama, na wifi yangu akalenga. (Ana shabaha, nakiri.)

Maziwa yakanishuka mashavuni yakiwa ya pinki. Yanameta!

Jirani mmoja akaruka. "Banange! Hata usaha yake inang'aa!"

Mama hakuruka. Alipitisha kidole shavuni pangu, akakitazama juani, kisha akanitazama mimi.

"Hii ni poda."

Akakishusha kichwa changu mkekani taratibu, akaenda jikoni. Owor alikuwa ameanza kuangalia kuku.

Nimelishwa vizuri, hilo nisiseme uongo (tena). Wakati wa kuaga mama amenipa mkono, akaushikilia kidogo.

"Rangi mimi ningecheka tu," akasema. "Lakini umekula huruma yangu bure."

Jamani, hilo limeniuma kuliko unga machoni. Najuta. Angenigombeza ningelala vizuri.

Sasa niko nyumbani, nimenawa kwa sabuni mpaka ngozi inawasha na bado nameta. Msinicheke. Anayejua kinachotoa hii kitu aniambie, ila atakayetaja maziwa, urafiki wetu umekwisha.