Tasnifu Iliyopangwa Bila Kusomwa

Profesa Pambizo alimwona yule mama akisita mlangoni, flashi inaning'inia shingoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akajua riziki imebisha hodi. Profesa mwenyewe hakuwahi kukanyaga darasa la chuo. Cheo alipewa na wanafunzi waliopanga foleni kwenye duka lake la kuchapa, mkabala na maktaba, awapangie tasnifu zao na kuzipandisha kwenye mfumo wa chuo.

"Karibu, dada yangu. Mwisho wa kuwasilisha lini?"

"Mwisho wa mwezi. Nikikosa, nasubiri mwaka mzima kuhitimu."

"Ondoa shaka. Umefika kwa mwenyewe."

Utapeli wake ulikuwa mwembamba kuliko ukucha. Chuo kilitaka pambizo ya kushoto iwe sentimita nne. Yeye aliweka tatu na nukta nane. Jicho halioni, lakini mfumo unaona, na tasnifu inarudi imekataliwa. Hapo Profesa hutikisa kichwa kwa huzuni, akaulaumu mfumo, kisha akadai malipo mapya ya "kuubembeleza". Mara ya tatu aliiweka sawa ikapita, maana naye alikuwa na utu wake.

"Fundi, hizi kazi huwa unazisoma?" mama aliuliza.

"Hata neno moja! Mimi napanga tu. Siri ya mteja ni siri."

Mama akashusha pumzi, akatoa karatasi. "Basi nisainie hapa. Chuo kinadai ridhaa ya kila aliyenisaidia."

Profesa akasaini kwa mbwembwe, mkia wa sahihi ukakaribia kutoka nje ya karatasi.

Wiki ya kwanza tasnifu ikakataliwa. Ya pili, ikakataliwa tena. Mama hakulia wala kufoka, na hilo lilimfurahisha sana Profesa. Mama alikaa kwenye benchi na daftari lake, akipiga soga na wateja wengine na kuazima rula.

"Leo mfumo umekataa nini, fundi?"

"Dada, huo mfumo una kiburi! Bahati yako nina mtu wangu ndani."

Mama akaandika. Kila mara alirudi na kurasa zaidi. "Msimamizi anataka mifano mingine sura ya nne," alisema kwa upole, na Profesa akamwonea huruma.

Siku ya mwisho Profesa aliiweka pambizo sawasawa. Akakuza kichwa cha tasnifu kwa herufi kubwa nzito, akakikalisha katikati, akakitazama kama fundi seremala anavyotazama kabati lake. Akabofya. Imepokelewa.

"Ikishapokelewa hivi, dada, hata mkuu wa chuo haitoi."

"Bila wewe nisingekuwa na tasnifu," mama alisema, akampa mkono kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata foleni haikuonekana. Alikuja jamaa mmoja tu, flashi mfukoni, simu na rula mkononi.

"Kaka, ni kweli unaweka tatu na nukta nane?"

Profesa akaichukua ile simu, tasnifu ya mama imefunguliwa kwenye kioo, na, kwa mara ya kwanza, akasoma herufi alizozikuza mwenyewe: PAMBIZO ZA UONGO: UCHUNGUZI WA FUNDI MMOJA MKABALA NA MAKTABA. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa sahihi yake, na mkia wake. Akarudi ukurasa wa shukrani: "Namshukuru fundi aliyeipanga kazi hii bila kuisoma."

Jamaa akachukua simu yake, akaweka rula juu ya kioo, akakuza ukurasa mpaka ukalingana na karatasi halisi.

"Lakini hii umeipatia, kaka. Nne kamili."

Akaondoka na flashi yake.