Mwenyekiti wa Changu ni Changu

Jumatatu, 2 Machi 2015

Wamekuja! Nilijua watakuja. Watu wa barabara wamechora X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya Igoki, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. X kubwa, rangi bado inachuruzika. Amepewa siku kumi na nne awe amebomoa. Ati nyumba imeingia barabarani hatua tatu.

Nyumba ya mawe! Igoki ni mjane. Mawe hayo aliyapata kidogo kidogo kwa maziwa ya ng'ombe wawili, miaka kumi na tisa, na mengine nilimwona kwa macho yangu akiyabeba mgongoni. Hakuna mtu hapa Kiirua ninayemheshimu kama huyo mama, na nikisema hivyo nimehesabu hata mchungaji. Nilimkuta anakamua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi Mithika niko. Akasema asante Baba Mukiri, hebu nishikie huyu ndama.

Lakini moyoni nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe. Mwaka mzima nimekuwa mwenyekiti mwanzilishi wa Changu ni Changu, chama cha kulinda mali ya mwananchi serikali isiiguse, na hatujawahi kupata mtu wa kulinda. Wanachama ni wanne: mimi, mke wangu Cicily (bado hajui), Muthamia wa duka la dawa za mifugo ambaye ni katibu, na bwana mmoja wa Nanyuki tuliyekutana kwenye semina Meru mjini. Huyo hashiki simu.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya sahihi. Nimeandika ilani ya kurasa sita. Sentensi ya kwanza: serikali itoke shambani kwa mtu na ifunge lango ikitoka. Niliisoma mara tatu peke yangu, nywele zikanisimama.

Nimezunguka soko zima. Sahihi mia moja arobaini na tatu! Watu walikuwa wanasukumana kutia sahihi. Wengine walirudi na bibi zao. Muthamia alipata tisa. Sikumcheka. Nilimcheka kidogo tu.

Jumatano, 4 Machi

Nimeamka nikakuta foleni langoni. Wamebeba magunia matupu. Wanataka mbolea!

Kumbe soko zima lilielewa kwamba naandikisha watu wa mbolea ya serikali. Ya serikali! Mimi! Muthamia anasema kosa ni langu, nilikuwa napaza sauti ati weka sahihi upate haki yako, na mwezi wa tatu mkulima wa viazi ana haki gani nyingine? Mama mmoja alisema yeye hataki ya kunyunyizia, anataka ya kupandia, na kama imeisha nimrudishie sahihi yake. Cicily akawatangazia kwamba mwenyekiti anaharisha. Wakaondoka. Halafu akaona orodha, jina lake la kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu. Haniongeleshi.

Igoki naye leo alienda Meru mjini na karatasi zake za shamba kwenye mfuko wa nailoni. Akapanga foleni kwa dirisha moja, akatumwa la pili, akatumwa la tatu. Jioni amerudi na nakala ya ramani yenye muhuri. Nikamuuliza alitumia mbinu gani. Akasema alisalimia watu vizuri akangoja. Kungoja! Nikamweleza kwamba hayo si mapambano. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 6 Machi

Wazo lilinijia jana usiku nikiosha miguu. Nyumba moja ikiwa na X, tingatinga linajua pa kwenda. Nyumba zote zikiwa na X, je? Litabaki limesimama hapo linakuna kichwa! Nilicheka peke yangu kwenye karai.

Kulipopambazuka nikatoka na mkebe wa rangi nyekundu. Maduka yote. Kanisa. Ukuta wa chifu. Duka la Muthamia nililipiga mbili.

Saa mbili asubuhi, ole wangu. Watu wanang'oa mabati. Muthamia anatoa dawa za ng'ombe nje huku analia. Mzee mmoja amebomoa choo chake mwenyewe, kwa haraka, ili aokoe matofali. Akina mama wa kanisa wamepiga magoti barabarani. Chifu akaja akanitazama mikono. Nikamwambia nilikuwa nachinja kuku. Cicily, ambaye haniongeleshi tangu Jumatano, akapata sauti ya kumwambia chifu kwamba kwetu kuku alionekana mara ya mwisho Krismasi.

Adhabu: kusugua kila X kwa mafuta ya taa, mchana kutwa, watu wakitazama. Nilipofika ukuta wa kanisa, Igoki akaja na kitambaa chake na ndoo. Akasugua upande wake, mimi upande wangu. Tulipomaliza ndipo alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi akijipangusa macho. Mtu amebakisha siku kumi avunjiwe nyumba na anacheka hivyo! Mimi ningekuwa kitandani. Nampenda huyo mama kama dada yangu, na dada yangu nampenda sana.

Jumatatu, 9 Machi

Baraza! Chifu ameita watu wote pamoja na mpima ardhi, bwana mmoja mpole anayeitwa Ndambiri, mtu wa Manyatta kule Embu.

Nilihutubia dakika arobaini. Nilikuwa moto! Nikadai barabara ipimwe upya, hadharani, hatua kwa hatua, na kila mtu apewe kilicho chake na anyang'anywe kisicho chake, awe nani awe nani. Makofi! Hata watu wa mbolea walipiga makofi. Muthamia alijifanya anafunga kiatu.

Halafu Igoki akasimama. Dakika moja tu. Akamsalimia mpima ardhi, akamuuliza alianzia kupima wapi. Ndambiri akasema alianzia kwa ua wa mwenyekiti, upande wa pili, kwa sababu ni wa zamani na umenyooka vizuri. (Kweli umenyooka. Niliwatazama watu waone.) Igoki akasema mashamba yalipogawanywa yeye alikuwa msichana wa kupelekea wapimaji uji, na alikuwa anapumzika juu ya jiwe la mpaka la upande ule. Akaomba jiwe litafutwe kwanza.

Nikaunga mkono! Nikasimama juu ya kiti nikaunga mkono kwa sauti! Kesho tunachimba.

Jumanne, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walichimba chini ya ua wangu. Hakuna jiwe. Nikawaambia waone sasa, labda serikali ililiiba. Igoki akafungua ramani yake, akahesabu hatua, akawaonyesha ndani. Ndani kwangu! Hatua moja. Mbili. Tatu. Katikati ya sukuma wiki za Cicily jembe likalia juu ya simiti. Jiwe, na chuma chake katikati.

Nieleze hapa, kwa kuwa pale hawakunipa nafasi. Ua wangu ni wa kaiyaba, ile miti yenye miiba kama misumari. Nimeukata kila mwaka kwa miaka ishirini na saba, upande wa ndani. Upande wa nje si wangu, sasa niukate kwa nini? Nifanyie serikali kazi bure? Ukikauka ndani nang'oa, ukichipuka nje naacha. Ua umetembea wenyewe! Ukaingia barabarani hatua tatu, barabara nayo ikasogea hatua tatu kwa Igoki.

Muthamia akauliza, kama katibu, aandike hilo kwenye kumbukumbu za chama.

Niliogopa kumtazama Igoki. Nilijua atanitukana na nilijua ana haki. Miaka kumi na tisa ya mawe! Akawaambia watu kwamba ule ni mti tu, mti hausomi ramani. Kisha akaenda kukamua. Nilibaki nimesimama na kofia mkononi.

Ndambiri amefuta X ya Igoki. Ile mpya ipo kwa choo changu, na kwa kile kibanda cha mabati ambacho ni makao makuu ya Changu ni Changu, vyote viko nje ya jiwe.

Jumamosi, 14 Machi

Tingatinga lilikuja leo, mapema kuliko tulivyoambiwa. Nilijifungia ndani kuandika barua ya kupinga. Niliposikia injini imezimwa nikachungulia.

Igoki amesimama langoni kwangu! Amevaa gambuti, mkononi hana kitu. Anamwambia dereva kwamba hapa ni kwa mtu, na hakuna atakayegusa bati mpaka mwenyewe atoe msumari wake wa mwisho. Hakupaza sauti. Dereva akashuka akaomba maji ya kunywa. Halafu wakaja akina mama wa kikundi chake, kumi na wawili, na mapanga. Mpaka chakula cha mchana walikuwa wamehamisha choo, makao makuu, na kung'oa ua wote na mizizi yake. Kwangu mimi! Niliyekaribia kumvunjia nyumba bila kujua!

Nililia. Nilimwambia Cicily ni vumbi. Cicily akasema nenda ukaombe msamaha. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia kwa siku kumi.

Nikaenda. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Igoki alinisamehe kabla sijamaliza utangulizi, akanimiminia chai.

Jumatatu, 16 Machi

Siku kumi na nne zimeisha na nyumba ya Igoki imesimama. Ushindi! Nimekaa nikatafakari, na ukweli lazima uandikwe: chama kimefanya kazi. Nani alidai vipimo? Nani aliunga mkono juu ya kiti? Igoki ni kiongozi mkubwa, ninasema wazi, mkubwa kuliko mtu yeyote wa semina ile, na nimemlea mwenyewe kwa wiki mbili tu. Muthamia amekataa kutia sahihi kumbukumbu zinazosema hivyo. Nimemfukuza. Tumebaki watatu.

Leo nimepanda ua mpya, kisheria kabisa. Miche arobaini ya kaiyaba, kwa kamba, imenyooka watu watashangaa. Nimeipanda hatua moja nje ya jiwe, ili jiwe likae ndani salama. Serikali hii, ukiacha jiwe la mtu nje, italisogeza.