Makofi Yangu Yalivyomkalisha Mzee Lazaro Sakafuni

Leo nimejiaibisha mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya mama mkwe, na mbele ya mtoto niliyemkanya asubuhi nzima asiniaibishe. Nawaandikia nyie wenzangu wa darasa la jioni kwa sababu mlishanisikia nikisoma "bata" nikatamka "baba" mbele ya mgeni rasmi. Kwenu sina heshima iliyobaki ya kupoteza.

Wengi mnamjua Evelina wangu. Kwa wasiomjua: ndiye mtoto wangu wa kwanza, ana miaka ishirini na nne, alizaliwa na ulemavu wa akili. Maneno yake ni machache ila hasahau kitu. Yuko kwenye kundi la kucheza ngoma la Mwalimu Debora hapa Kasulu. Siyo kundi la wenye ulemavu peke yao, wamechanganyika. Yuko nesi mmoja, wako wasichana wa kwaya, na anayepiga ngoma ni fundi baiskeli wa pale stendi. Kila mtu ana mwenzake wa kucheza naye, na hakuna kumburuta mtu mkono. Mwalimu Debora anasema kwake hakuna wa kusaidia na wa kusaidiwa, wote ni wachezaji.

Shida ilikuwa mahali. Walikuwa wanachezea uwanja wa nyuma ya soko. Mvua ikinyesha, basi. Watu wakija kuchungulia na kucheka, basi pia. Na siku ambayo hawakucheza, Evelina akirudi nyumbani hali chakula. (Ugali upo, samaki wake migebuka wapo, na bado hali. Nyie mnajua mtoto wangu na migebuka.) Ndiyo maana tukaomba ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi.

Wazee wakasita. Mzee Lazaro, mwenyekiti wao, akanieleza wazi kikaoni: "Mama Evelina, sisi hatumkatai mtu wa Mungu. Ila hao wenzetu watatulia? Ule ukumbi una vioo. Una spika."

Mimi huyo nikasimama, kifua mbele. "Mzee wangu, habari ya utulivu niachieni mimi. Nitakaa pale mbele mwenyewe."

Yashikeni hayo maneno.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya wazee kuja kuwaangalia wakicheza, halafu waamue. Nilifunga tangu jana. Niliomba ombi moja tu: "Bwana, leo watulie. Watulie kabisa." Asubuhi namsuka Evelina, namwambia usiniaibishe. Namfunga kitenge, usiniaibishe. Njiani tunatembea, usiniaibishe. Mwisho akasimama katikati ya barabara akanitazama. "Mama," akasema, "nimesikia."

Sasa kuna jambo lazima niwaambie mapema, maana mimi nililijua baada ya kuumbuka. Mwalimu Debora alishatuomba sisi wazazi tuje tucheze nao. Mimi nilimwambia magoti yananiuma. Kila Jumamosi namfikisha Evelina, nageuza, naenda zangu sokoni. Kwa hiyo sikujua kwamba lile kundi haliongozwi kwa maneno. Kuna wanaoelewa Kiha tu, kuna wanaoelewa Kiswahili, na kuna Filemoni ambaye haongei kabisa. Wanaongozwa kwa makofi. Ukipiga kofi moja, kila mtu anaganda alivyo. Mawili, wanakaa chini. Matatu, kila mchezaji anakwenda kwa watazamaji anamwinua mtu mmoja anacheza naye. Na anayenyanyua mikono miwili juu ndiye kiongozi. Anachofanya yeye wanakifanya wote, mpaka mwingine aje amshike ile mikono aishushe. Ndiyo anapokea zamu.

Mimi haya sikuyajua. Na mimi ndiye mlinzi wa utulivu.

Wazee wakaketi benchi la mbele. Mzee Lazaro alivaa suti yake ya kijivu, imenyooshwa pasi mpaka mkunjo wa suruali unaweza kukata nyanya. Mimi nikakaa pembeni yao karibu na mlango, nimekaza uso kama askari. Ngoma ikaanza.

Evelina akatoka mbele. Akanyanyua mikono miwili. Wote wakanyanyua. Akaifungua taratibu, kama mtu anayetandaza maharage kwenye jamvi, na ukumbi mzima ukatandaza. Akazunguka, wakazunguka. Nesi anamfuata Evelina wangu, wasichana wa kwaya wanamfuata Evelina wangu. Nikaangalia chini ya benchi, nikaona kiatu cha Mzee Lazaro kinapiga mdundo. (Nimekiona, hata akikataa.) Nikasema moyoni, ukumbi tumeupata.

Hapo mlangoni pakawa na kivuli. Nageuka, mama mkwe.

Katoka Kibondo kuja kupimwa macho hospitali. Kafika nyumbani kakuta kufuli, jirani akamwelekeza kanisani. Mkononi mwavuli, kichwani mfuko wa ndizi. Na mama mkwe wangu huyu ndiye aliyenishauri zamani kwamba wageni wakija Evelina awe anakaa chumba cha nyuma. Hajawahi kumwona akicheza.

Sasa nyie ni watu wa huku, mnajua. Mama mkwe hapungiwi mkono. Unashuka chini, unapiga magoti, unamsalimia huku unapiga makofi. Hata nyumba iwe inaungua, kwanza unashuka.

Nikashuka.

"Mwakeye, mama." Pa.

Nyuma yangu ngoma ikakatika, kimya kikashuka. Nikachungulia kidogo: wote wameganda, fundi baiskeli mikono iko hewani. Nikafikiri wamesimama kwa heshima ya mama mkwe. Moyo ukanijaa. Nikasema angalia adabu hii.

"Mwakeye neza, mkamwana?" akaitika.

"Ego, mama, tupo." Pa, pa.

Nikasikia mshindo. Wote wako chini, wamekaa, miguu imenyooka. Nesi na yeye chini. Nikazidi kufurahi, kwamba hata wamekaa ili wasisimame sawa na mkubwa.

Mama mkwe akawaangalia juu ya kichwa changu. "Hawa wamefunzwa na nani? Adabu kama hii kwetu Kibondo imekwisha."

"Ni sisi wazazi, mama," nikasema. (Bwana nisamehe. Nilifunga tangu jana, pengine ni njaa.)

Halafu sikuishia hapo. Nikataka aone na mimi nimefunzwa. Nikamuulizia za nyumbani mfululizo, bila kungoja jibu, kila kitu na kofi lake.

"Na baba hajambo?" Pa. "Na mbuzi?" Pa. "Na shamba?" Pa.

Matatu.

Kundi zima likainuka kama limeitwa na tarumbeta. Filemoni, na Filemoni ni mtu wa kujaza mlango, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Lazaro, akamshika mkono, akamwinua. Msichana wa kwaya akamchukua mzee mwingine. Evelina akapita kando yangu, akamtua bibi yake mfuko wa ndizi, akamvuta katikati ya ukumbi na mwavuli wake. Fundi baiskeli akarudi kwenye ngoma kwa nguvu zote. Mzee Lazaro anazungushwa kama pia. "Mama Evelina," ananiita huku anazunguka, "Mama Evelina, ndiyo utulivu huu?"

Nikachanganyikiwa. Nikafanya kile ninachofanya kuku wakiingia kwenye maharage. Nikakimbilia katikati napiga makofi: "Acheni, rudini!" Pa, pa.

Wote chini. Na Filemoni kazi yake anaifanya vizuri, mwenzake hamwachi. Akashuka naye. Suti ya kijivu, mkunjo wa pasi, vyote sakafuni.

Nikasema Mungu wangu, hawa wanisikilize kwanza. Nikapiga kofi moja, pa, kama mwalimu wetu wa jioni alivyokuwa akitunyamazisha.

Wakaganda. Na Mzee Lazaro akaganda, mguu mmoja juu, mdomo wazi. Hakuna aliyemwambia agande. Nafikiri aliogopa kuwa akijitikisa nitapiga lingine.

Mwalimu Debora alikuwa kule mwisho, karibu na spika. Akanong'ona: "Mama Evelina, mikono. Jamani, mikono."

Alikuwa ananiambia niitulize. Lakini sisi watu wa maombi, ukituambia mikono, tunajua kitu kimoja tu. Nikainyanyua. Yote miwili. Juu kabisa.

Ukumbi mzima ukainuka ukanyanyua mikono. Filemoni akamnyanyulia na Mzee Lazaro.

Nikageuza kichwa kushoto nione kinachoendelea. Wote kushoto. Nikageuka kulia. Wote kulia. Nikajishika kichwa, wakajishika vichwa. Nikasema, "Yesu wangu," nikainama. Wakainama, na kuna waliosema "Yesu wangu." Mama mkwe naye yumo, mwavuli unapanda na kushuka. Nikarudi nyuma hatua mbili, benchi likanigonga nikayumba. Watu wote wale wakayumba, tena vizuri kuliko mimi. Nikajifunika uso na mtandio nisiwaone. Nikachungulia pembeni, kila mwenye kitambaa kajifunika, na Mzee Lazaro kajifunika na tai.

Mbele zangu naona watu wazima wameganda nyuma ya vitambaa wanasubiri aibu yangu inayofuata. Sikujua nifanye nini, maana chochote ningefanya kingefanywa.

Ndipo mtu akanishika mikono. Taratibu, akaishusha mpaka ikakaa kwenye mapaja. Evelina.

"Mama," akasema, "zamu yako imeisha."

Halafu akaniangalia miguu, pale nilipompigia bibi yake magoti, kitenge kina vumbi. "Magoti yamepona?"

Yeye akanyanyua mikono yake. Ukumbi ukamfuata. Akatandaza maharage yake, akazunguka, akawarudisha wazee kila mmoja benchini kwake, akainama, wakainama, ngoma ikanyamaza. Hakuna kioo kilichovunjika. Spika haijaguswa. Mimi nimesimama katikati peke yangu na mtandio umekaa upande.

Wazee wakatoka nje kujadili. Niliwaona dirishani wakinionyesha kwa kidevu. Nikakaa na wale wachezaji kwenye sakafu. Evelina kashika mkono wa Filemoni, kakaza. Nikajua akikosa huu ukumbi, siyo yeye aliyeukosesha. Ni mimi niliyejisifu kikaoni. Niliona aibu ambayo hata kuomba nilishindwa, maana ombi langu lilikuwa limeshajibiwa. Niliomba watulie. Walitulia. Nilisahau kujiombea mimi.

Wakarudi. Mzee Lazaro anajikung'uta suruali.

"Sisi tulikuja na wasiwasi juu ya utaratibu," akasema. "Na kweli tumemwona mtu asiye na utaratibu. Ni mmoja."

Wote wakanitazama. Na Filemoni akanitazama.

"Hawa wengine," akaendelea, "ukiwaambia ganda wanaganda. Kwaya yetu wenyewe haijafika hapo. Ukumbi tumewapa, kila Jumamosi. Sharti moja. Mama Evelina naye aje mazoezini, ajifunze makofi na wenzake. Asipojifunza, akae nje."

Evelina hakupiga kelele. Alimwendea Mzee Lazaro, akamkung'uta vumbi la mgongoni ambalo mwenyewe halioni, akarudi mahali pake.

Kurudi nyumbani mama mkwe katangulia na mjukuu wake, wameshikana mikono, mimi nyuma na ndizi kichwani. Halafu bila kugeuka akasema: "Mkamwana, miaka yote hii nasikitika kwamba Evelina hasikii. Kumbe nilikuwa namsikitikia mtu siye."

Sasa hivi wamemsimulia Baba Evelina. Mama mkwe anasimulia, Evelina anaonyesha. Nilivyoinama kaonyesha. Nilivyogongwa na benchi kaonyesha, na bibi yake akamwambia rudia. Baba Evelina kaenda kucheka nje, kwa heshima. Evelina kala. Kala migebuka ya kwake na nusu ya kwangu. Kabla ya kulala akaniambia maneno yangu mwenyewe, polepole nisikosee: "Jumamosi, mama, usiniaibishe."

Nimemwambia nimesikia.

Kesho ni ibada. Nyie mtakaonikuta pale mlangoni, hata kama mmenimiss kiasi gani, tusalimiane kwa mdomo tu. Mikono yangu imewekwa mapajani na mwenye zamu, na mimi kuiondoa sina ruhusa.