Mafuta Yangu Yako Chini

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeula! Wapimaji afya wa bure wamekuja stendi ya Same. Nikapanga foleni na kitambi changu. Kolesto, yaani mafuta ya kwenye damu, iko chini kabisa! Na jana tu nimemaliza mbavu za mbuzi. Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza: hii ndiyo kazi ya Kata Mafuta, tangawizi ya kule Mamba milimani, nayochemsha mwenyewe. Chupa zote zimekwisha. Sadock, muuza mlonge, kanuna. Eti mashine imelewa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nesi Devotha, wa wale wapimaji, kapiga simu, niende hospitali. Nikajua wanataka mzigo. Nikabeba chupa mbili! Daktari hakuzitazama. Kaniuliza uchovu umeanza lini. Kanifunua macho. Kasema mtu wa mwili wangu akiwa na kolesto ya chini vile, hapigiwi makofi, anatafutiwa sababu. Wamenitoa damu tena. Nimerudi kwa mguu. Sijauza kitu.

Jumatano, 12 Machi
Homa ya ini, aina C. Daktari kasema ini ndilo kiwanda cha mafuta mwilini. Kirusi kimeingia humo, kinajificha ndani ya punje za mafuta, kinasafiri nazo kwenye damu kama magendo. Kiwanda kinayumba. Mafuta ya damu yanashuka, mengine yanagandia kwenye ini lenyewe. Dawa ipo, miezi mitatu, wengi wanapona. Wengi! Nikauliza, na waliobaki? Kasema tuanze kwanza. Halafu kauliza wembe wangu anautumia nani mwingine, maana kirusi hupita kwa damu.
Mungu wangu. Esta, mke wangu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia mke wangu. Nilianza na utani, nikakwama katikati. Alikuwa anamenya tangawizi, kisu kikasimama. Kaniuliza: Baba Eliaichi, umeniua? Ugali umelala mzima.

Ijumaa, 14 Machi
Esta katolewa damu, tunasubiri majibu kwenye benchi la hospitali. Nimemwahidi Mungu mbuzi. Nimemwahidi kuacha uongo. Nesi katoka: Esta mzima! Nimelia mbele za watu. Esta kanishika sikio, kasema nimshukuru Mungu kwanza, kipigo kinafuata. Daktari kanipa vidonge, kapiga marufuku dawa za chupa, hata yangu. Kaongeza kwamba kirusi kikitoka kolesto inaweza kupanda, nisishtuke, wataifuatilia.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemeza cha kwanza. Na maneno ya daktari nimeyachambua vizuri. Kolesto ikishuka, unaumwa. Ikipanda, umepona. Kasema mwenyewe! Kumbe biashara niliishika kinyume.
Nimempigia Naisiae, mama wa kule tambarare anayeyeyusha mafuta ya kondoo. Alete ndoo mbili. Daktari kakataza chupa, ndoo hajaitaja. Naisiae kacheka, kauliza nani atakunywa mafuta matupu hivyo.
Nimemwambia: wagonjwa wote wa ini hapa Same. Naanza mimi, kesho asubuhi, bakuli zima, juu ya kreti.