Sombe Ndani ya Jiwe

Jumapili, 7 Juni

Kapinga, shusha shingo! Jiwe si mtoto, hukulizaa. Leo umelileta kanisani ndani ya kikwembe kama kitoto cha kubatizwa. Haya huna?

Padri alisema: kwa sikukuu ya parokia, tarehe 21, kila familia ilete kitu chake cha zamani; kuonyesha ni kuanzia leo mpaka siku yenyewe. Mwenye kitu kinachopita vyote kwa uzee, njo yeye atatangulia maandamano ya matoleo, kikapu kichwani. Vizuri sana! Mama yangu alitangulia hapa Kamina wakati watu wa reli hawajajua hata njia ya kisima. Kisha wakashuka kwenye treni yao, na sasa kila mwaka anatangulia Kapinga. Kiuno chenyewe kinacheza kama mlango uliovunjika bawaba.

Miye nilipeleka kinu cha nyanya yangu. Kapinga akapeleka jiwe jeusi ambalo marehemu mume wake, dereva wa treni, aliliokota kwenye makaa ya Luena. Siku zote analitumia kukandamiza mihogo anapoiloweka. Nilicheka mpaka nikashika benchi.

Lakini yuko Valérie, mtoto wa dada ya padri, anayefundisha mambo ya mawe huko Lubumbashi. Akaligeuza. Ndani, jani! Na mishipa yake yote, kama limepigwa pasi. Akasema jani lilianguka kwenye tope, tope likalifunika, siku zikapita zisizohesabika, likawa jiwe. Eti ni jani la ukoo wa kangaga, yale ya bondeni yanayochipua yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Akasema kinu changu ni cha juzi. Hata mti uliochongwa kinu, aina yake ni ya juzi! Alikuwa bado anaeleza nani alitangulia na nani alifuata katika mimea, nikasimama nikatoka. Sisikilizi matusi kanisani.

Jumatatu, 8 Juni

Nimewaza. Kama jani likiingia kwenye tope linakuwa jiwe, kazi yenyewe si ya ajabu. Tope tuko nalo. Majani tuko nayo. Moto anao mkwe wangu Kisimba, anayechoma matofali nyuma ya nyumba. Kapinga alingoja mume amwokotee. Miye nitapika mwenyewe.

Jani gani? Sombe! Muhogo! Bankambo wangu, mababu wa mababu, walilima udongo huu. Jani la muhogo ndani ya jiwe litaonyesha nani ni mwenyeji na nani alikuja na tikiti.

Lydie, mke wa mwanangu, aliuliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia akaange samaki.

Alhamisi, 11 Juni

La kwanza limepasuka. La pili limetoka zuri ajabu! Vidole vyote vya jani vinaonekana. Lakini jekundu. Kisimba alilitazama akasema, "Mamu, hii iko tofali." Nikamwuliza nani alimpa mke. Akarudi kwa matofali yake.

Nimelipaka masizi ya sufuria na mawese kidogo. Jeusi kabisa! Sasa linahitaji uzee. Jiwe la Kapinga lilipata heshima ndani ya maji ya mihogo. Basi na langu lipate. Nimelizamisha kwenye shimo la maji, chini ya mihogo yangu niliyoiloweka.

Jumatano, 17 Juni

Kapinga sokoni, mbele ya wauza samaki wote: "Weye Mbuyu, kinu inasema nini?"

Nikamjibu: "Inasema jiwe ya treni irudie treni."

Wakacheka upande wangu! Nikawaambia wamama wote kwamba Jumapili bankambo watasema wenyewe. Nimenunua kitambaa kipya cha kichwa. Mtu anayetangulia hafungi kitambaa cha zamani.

Jumapili, 21 Juni

Nilifunua jiwe langu kanisani. Harufu ilitangulia.

Ee Vidye, Mungu wangu! Mihogo iliyooza, pale mbele ya altare. Benchi la kwanza likahama lote. Kapinga akaziba pua: "Mamu Mbuyu, bankambo wako walikufa jana?"

Valérie peke yake hakucheka. Alilishika kwa mikono miwili na kuniambia taratibu yale niliyoyakimbia. Kwanza vilikuwa vijani vidogo vimelala kando ya maji. Kisha yakaja ya ukoo wa kangaga, hayana ua, hayana mbegu, yana unga tu chini ya jani, na unga huo njo uzazi wao. Kisha miti yenye mbegu zisizo na tunda. Maua yalikuja nyuma sana. Siku za jani la Kapinga, duniani kote hakukuwa na ua hata moja, wala nyuki wa kulitafuta. Na muhogo unatoa maua. Tena, muhogo ulivuka bahari kuja kwetu. Bankambo wa bankambo wangu hawakuuonja. Akasema kukuta sombe katika jiwe la siku zile ni kama kumkuta nkambo kaburini ameshika simu.

Kanisa zima likacheka! Hata padri alijificha nyuma ya kitabu. Kisimba kwa sauti: "Lakini tofali halikupasuka!" Mjinga.

Kapinga akapewa kikapu. Akatangulia, akacheza mpaka kwenye benchi langu, akasimama. Akanishika mkono: "Njoo, dada. Mama yako alitutangulia sisi wote." Nilikubali, kwa heshima yake yeye. Tukaenda pamoja. Tulipofika altareni mguu wangu ulikuwa mbele. Watu wameuona.

Jumatatu, 22 Juni

Nimejifunza. Kosa lilikuwa moja tu: ua.

Asubuhi nilishuka bondeni, nikainua jani la kangaga. Unga uko pale chini, wa kahawia, umejipanga nukta nukta, kama yule mtoto alivyosema. Ukoo wenyewe, kabla ya maua yote, unaota kando ya shamba langu! Kapinga kule kwake ana reli tu.

Sikukuu nyingine haiko mbali. Lydie! Acha sufuria, nenda ukanikatie kangaga, lenye unga chini, na ukikuta ua karibu yake, ling'oe. Kisimba asibomoe tanuru. Na safari hii tuliloweke kwenye maji ya sabuni.