Jalia Mmoja Anatosha

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Aibu! Orodha ya upasuaji wa macho imejaa marudio. Niliunganisha jedwali la wagonjwa na jedwali la mahudhurio. Aliyekuja kliniki mara tatu akatokea mara tatu. Mama yangu, Jalia Abdul-Karim, ana macho mawili tu, lakini atapasuliwa mara tatu! Daktari Olweny, bosi wetu, akaniuliza mbele ya watu kama nimelewa. Atoo wa meza ya pili akacheka. Huyo anakitaka kiti cha mkuu wa takwimu kilicho wazi. Kiti changu!

Jumanne, 2 Septemba
Nimeweka DISTINCT, amri ya kuondoa marudio. Wapi! Kila hudhurio lina tarehe yake, mistari haifanani. Atoo akasema nishike namba ya mgonjwa, nichukue hudhurio lake la mwisho, ndipo niunganishe. Nimfuate apate sifa? Thubutu!
Jioni mama kanitilia chumvi kwenye chai. Haoni tena mkebe upi ni upi. Nikainywa yote. Madaktari wageni huja mara moja kwa mwaka, na safari hii yumo.

Alhamisi, 4 Septemba
Mimi kichwa! Jina moja, mstari mmoja. Orodha safi. Olweny kanipa mkono. Atoo akauliza kama nimeangalia watu wenye majina sawa. Wivu tu.

Jumamosi, 6 Septemba
Banange, jamani! Mama kavaa nguo yake ya Idi. Mlangoni pa kliniki wakaita Jalia Abdul-Karim, akainuka mama mwingine, wa Nateete. Kumbe wako wawili, na niliyemfuta ni wangu! Nesi akasema nafasi zimejaa. Mama akaniuliza nani kamwondoa. Nikasema kompyuta. Akamwomba Mungu amlaani aliyeiharibu hiyo kompyuta. Nikaitikia amina. Kisha nikaenda kulia chooni.

Jumatatu, 8 Septemba
Kiti kapewa Atoo. Madaktari wameondoka. Mama anapapasa ukuta akitafuta mlango, nami siwezi kumtazama.
Lakini nimemwandikisha kwa mwaka ujao, pamoja na mdogo wake, mama Shamirah, ambaye naye macho yanamsumbua. Hawana simu, kwa hiyo wote wawili nimewawekea namba yangu. Na ule ujinga wa majina, basi tena! Dawa nimeipata: namba moja ya simu, mstari mmoja. Atoo kaja mezani akitaka kunieleza kitu. Nimemwambia nina kazi.