Constance wa Juru na Kifuniko cha Soda Kilichokaa Chini ya Maji

Njoni, enyi watu wa Juru! Tueni madumu yenu penye foleni ya bomba, maana maji yenyewe bado hayajafika; ninyi mnaopura maharage, ziwekeni fimbo; nawe uliyebandika sombe la majani ya muhogo, punguza moto, lisije likaungua kwa ajili ya ushujaa wa mwenzio. Sikilizeni habari za Constance binti Appolinaire, simba jike wa mashamba ya maharage, aliyeshuka katika vilindi vya bwawa la hoteli moja ya Kamukuzi, mjini Mbarara, mahali ambapo maji humfika mtu kitovuni, akarudi yu hai. Nawe Mola, uliyeiweka bahari mbali mno na Juru, utupe pumzi.

Miaka na miaka watu wa kujitolea walikuja Juru, kambini kwetu wakimbizi, kutoka nchi zenye bahari. Vijana wema, wamewiva kwa jua, wakapaka rangi ukuta wa shule, wakapiga picha na watoto, wakalia, wakaenda zao. Na waliowafuata wakaupaka ukuta uleule rangi nyingine, hata rangi ikawa nene kuliko tofali. Hakuna aliyeuliza: na sisi je, tutajitolea kwa nani? Mpaka siku Constance alipoandikiwa na mradi wa kisiwa cha mbali, kwamba aende, pamoja na vijana wa mataifa, akasaidie kupandikiza matumbawe, yale mawe hai ya chini ya bahari wanamokulia samaki, ambayo sasa yanaugua kwa joto la maji.

"Majiwe inagonjwa?" akauliza mzee Mihigo, shemasi wa kanisa.

"Inagonjwa, papa."

"Masikini! Basi uende, mutoto. Banatusaidiaka siku mingi. Sasa tubasaidie na siye."

Hapo ndipo kanisa lilipofanya kosa lake kuu. Kwao msafiri haagwi kimyakimya. Wakachinja jogoo, wakasonga bugali, kwaya ikatunga wimbo wenye jina lake, na akina mama wakamvika kikwembe kipya cha maua ya njano, wakamlilia kana kwamba ndege imekwisha ruka. Jogoo alipokuwa mifupa, ndipo Constance aliposoma ujumbe hadi mwisho wake: kila mwombaji apeleke kwanza video yake akizamisha kichwa majini na kuokota kitu sakafuni. Mwisho wa kupokea, Ijumaa jioni. Asiye na video hana safari.

Naye alikuwa hajapata kuzama ila mara moja, siku ya ubatizo wake ukingoni mwa ziwa Nakivale, huku mashemasi wakiyapiga maji kwa fimbo ili viboko wakae mbali. Tena hapo alilazwa chali, macho kayafumba, mikono ya mchungaji mgongoni.

"Tantine, nikishindwa ntarudi na uso gani?" akamwuliza shangazi yake Nabintu, Ijumaa hiyo, njiani kwenda Mbarara. "Jogoo balishakula!"

"Ukishindwa, tutabaki Kakoba, kulekule mjini, tuuzishe nyanya," akajibu Nabintu. "Juru haturudi. Kidari nilikula miye mwenyewe."

Mlinzi wa bwawa alikuwa Afande Naboth, askari mstaafu, mwenye filimbi shingoni na kitambi kilichokwisha pumzika vita. Alipoelezwa habari ya mawe yanayougua, akavua kofia, akatupa kifuniko cha soda majini, akanena:

"Binti, ile ndiyo adui. Ingia, kamata, leta!"

Constance akaingia, lakini Nabintu, ngome ya adabu, alikataa binti wa kanisa aonekane mapaja, hivyo akaingia na kikwembe cha kuagwa. Ole! Kikwembe kikameza upepo, kikavimba pande zote kama ngoma, naye akakaa juu ya maji mfano wa kuku aliyeatamia.

"Nyabo," Naboth akamwambia shangazi, "huyu hata jenerali akitoa amri, hazami."

Wakakifunga kile kikwembe katikati ya miguu. Mara ya pili Constance akakunja mikono kifuani, akafumba macho, akajitupa chali kwa njia pekee aliyofundishwa. Akaibuka na maji puani na kwikwi, mkono mtupu.

"Umeokoka tena," akasema Naboth, "lakini kifuniko iko palepale."

Wageni kwenye viti wakacheka. Constance hakucheka. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na masikioni mwake aliusikia ule wimbo wa kwaya, jina lake ndani.

"Ni viboko," akanong'ona.

"Viboko ya wapi, mutoto? Hii ni hoteli!"

"Kichwa inajua, tantine. Magoti ndiyo haijui."

Basi Nabintu, simu mkononi tayari, akamgeukia mlinzi. "Papa Afande, piga maji."

"Mimi? Mimi nilipigana vita ya kweli! Leo nipige maji ya hoteli, watu wanaona?"

"Piga!"

Ikawa kama amri ya zamani. Naboth akalitwaa lile gongo refu la wavu wa kuondolea majani, akayapiga maji kulia na kushoto, kwa mfululizo, hata wageni wakainua soda zao juu zisirushiwe.

Magoti ya Constance yakatulia. Akakitazama kifuniko kinachong'aa chini, akakiona kama kwekwe kwenye tuta. Kwekwe! Nani alimfundisha kulala chali mbele ya kwekwe? Akatanua miguu, akainama kutoka kiunoni, kama wainamavyo wanawake wa Juru katika palizi ya kwanza, na uso ukaufuata mkono. Macho wazi. Akaviona vidole vyake vya miguu, vikubwa na vya ajabu, akayaona maua ya njano yakipepea yenyewe bila upepo, akasahau kuogopa. Akakishika kifuniko shinani, akang'oa.

Vigelegele vya Nabintu vilisikika, naapa, hadi barabarani. Video ilitetemeka, nusu yake mbingu. Lakini kichwa kilionekana kikizama, na mkono ukipanda na nyara yake. Wakaituma, na kabla ya giza kuingia jibu likaja: "Karibu sana, Constance. Tumefurahi. Lakini yule mzee anayapigia nini maji?"

"Anafukuza viboko," akaandika.

"Huku kwetu hakuna viboko."

Hivyo ndivyo shujaa alivyorudi Juru, na kwaya haikubadilisha hata neno. Kifuniko kikapigiliwa msumari juu ya mlango wa kanisa, na watoto huinuliwa wakiguse. Na mzee Mihigo, alipolisikia lile jibu, alikwenda kukata fimbo ndefu, akaichonga laini, akaifunga pamoja na mizigo ya msafiri.

"Banasema hakuna," akanena. "Kiboko anaandikaka barua?"

Vumilieni basi, enyi matumbawe! Jikazeni kidogo tu katika joto lenu. Juru inakuja, na fimbo ya kuyapigia maji iko mkononi.